Dumu Lenye Fundo Jekundu

Kijiji kimoja kilikuwa na injini moja. Pikipiki zilikuwepo, tena nyingi, zinapiga kelele kutwa nzima. Nazungumzia injini ya boti. Hiyo ilikuwa moja, mto ulikuwa mmoja, na hospitali ilikuwa ng'ambo.

Kiangazi mto ule ni wa kuchekea. Mbuzi anavuka, mtoto anavuka, mama anavuka na ndoo yake kichwani na maji yanaishia magotini. Ila masika, maji ya milimani yakishuka, unakuwa mto mwingine kabisa. Unang'oa mti mzima na mizizi yake, unaupeleka unakojua wenyewe. Kasia hapo ni kijiti cha kuchezea. Kuna wawili waliwahi kujaribu na mtumbwi, wakaonekana siku ya tatu, chini huko kwenye matete. Baada ya hapo ndiyo watu wakachanga, ikanunuliwa boti, ikanunuliwa injini, ikatungwa sheria moja fupi: hii ni ya wagonjwa.

Wa kwanza kukabidhiwa aliitwa Remi.

Remi, tusidanganyane, alikuwa mwizi. Siyo wa kuvunja milango. Mwizi wa kila siku, yule ambaye mnamjua na mnacheka naye. Boti ya wagonjwa ilimbebea kreti za bia za duka lake. Ilimbebea mkaa. Ilimpeleka ng'ambo kuangalia mpira. Na dumu la kijiji, lile la petroli, alikuwa analiingilia kama mtungi wa nyumbani kwake. Mafuta yakikaa wiki mbili tatu, anayamimina kwenye pikipiki yake, halafu akivuka anarudi na mapya. Ila akirudisha, harudishi yote. Kila siku pungufu kidogo.

"Remi, mbona dumu limeshuka?"

"Jua limekunywa, mzee wangu. Jua la huku lina kiu."

Watu wanacheka, wanaondoka, wanamsema njiani.

Lakini injini iliwaka. Hilo nalo tuliseme, maana ni kweli. Mlete mgonjwa saa yoyote, Remi anatoka mbio huku anafunga mkanda wa suruali, anavuta kamba mara moja, injini inaitika. Ikiwa na kiburi sana, mara mbili. Alimvusha mama wa mapacha. Alimvusha mtoto aliyemeza betri ya saa. Alimvusha mwalimu aliyeanguka mbele ya ubao, chaki bado iko mkononi. Na kila akirudi alikuwa na kitabia kimoja. Haizimi injini. Anafunga koki ya mafuta, anakaa pembeni, anaiacha iungurume mpaka ifyonze tone la mwisho lililobaki kwenye kabureta, ikohoe, ijizimie yenyewe. Watu walidhani ni maringo.

Sasa siku moja mzee Kasiani akagongwa na nyoka shambani, mpunga umefika kiunoni. Wakambeba mbio mpaka mtoni. Boti haipo. Boti iko ng'ambo, inapakia bia.

Walimwona Remi kwa mbali, mdogo kama kidole, anapanga kreti. Wakaita, mto ukameza sauti zao. Wakapiga simu. Simu ikaita ndani ya koti, na koti lilikuwa limening'inia dukani kwake, upande huu huu. Kuanzia asubuhi mpaka saa saba mchana mzee Kasiani alilala kwenye tope, mguu unavimba watu wanauangalia. Remi alipofika akazitupa kreti zote majini bila kuambiwa, akampakia, akamvusha. Kasiani hakufa. Ila alirudi na mguu mmoja na gongo.

Siku ile ile, Remi alipotoka kumpeleka, alikuta kijiji kizima kimejipanga ukingoni. Hakuna aliyepiga kelele. Mwenyekiti, Ditriki, aliingia majini na viatu vyake, akanyoosha mkono akabonyeza kitufe, injini ikanyamaza ghafla kama mtu aliyezibwa mdomo.

Remi hakubisha. Aliomba kitu kimoja tu. "Nifukuzeni, sawa, nimestahili. Ila niachieni dakika mbili niimalizie mafuta yaliyobaki kwenye kabureta."

Watu wakaangua kicheko, kile cha hasira. "Umeona? Hata leo, hata leo bado anataka kumalizia mafuta!"

Wakaibeba injini hivyo hivyo, na petroli yake kooni.

Kikao kikakaa kutafuta mtu. Hawakutafuta sana. Palikuwa na Gaudensi, mzee aliyekuwa anatunza funguo za kanisa, mtu ambaye kijiji kizima kilikuwa kinamtolea mfano. Gaudensi aliwahi kuokota jembe jipya njiani, na lake limevunjika mpini na bamba, akazunguka nyumba kwa nyumba siku mbili kutafuta mwenyewe. Mtu wa hivyo. Akaitwa mbele, akaweka mkono juu ya dumu, akaapa kwamba tone la wagonjwa litakuwa la wagonjwa. Na alimaanisha. Tangu siku ile mpaka leo, hakuna mtu anayeweza kusema Gaudensi aliiba hata harufu.

Mwenyekiti akachana kipande cha kitambaa chekundu, akakifunga kwenye kifuniko cha dumu, fundo juu ya fundo. Ikawekwa sheria nyingine: mwenyekiti ndiye anayefunga na mwenyekiti ndiye anayefungua. Na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, watu wakitoka kanisani, kamati inaenda moja kwa moja kwa Gaudensi. Wanaangalia fundo. Halijaguswa. Wanalinyanyua dumu, wanalitikisa, wanasikiliza mafuta yanavyogonga huku na huku. Halafu wanapiga makofi. Mzee Kasiani hawezi kupiga makofi kwa sababu ya gongo, basi yeye anagonga ardhi. Gaudensi anasimama pale ameinamisha kichwa kama bwana harusi.

Hakuna hata mmoja, Jumapili hata moja, aliyewahi kuvuta kamba. Wangevuta ili iweje? Waliumwa na mwizi, walikuwa wanatafuta kama kuna mwizi. Mwizi hayupo. Basi, wakaenda kula.

Gaudensi aliitunza injini ile jamani. Aliiweka chumbani, siyo bandani. Asubuhi kabla ya uji anaifuta kwa kitambaa safi, kila kona, mpaka unajiona sura. Usiku anaifunika blanketi. Mke wake, Fausta, alikuwa mtu wa utani, akawa anawaambia majirani, "Mwenzangu kaoa mke mdogo. Yeye kapewa blanketi, mimi nimepewa baridi." Vijana wa bodaboda wakipita wanapaza sauti, "Mzee Gaude! Mama mdogo hajambo?" Gaudensi anawafukuza na ufagio, lakini anatabasamu kidogo.

Dumu lenyewe alilisimamisha kwenye kona, chini ya bati. Na kitu kimoja ambacho Fausta alikiona, ila hakujua akipeleke wapi: mchana bati likiwaka moto, dumu lilikuwa linavimba tumbo. Alfajiri baridi ikiingia, linanywea, linabonyea mbavuni.

"Baba Benigna, hili dumu linapumua."

"Kinachopumua ni kizima," Gaudensi akasema.

Ikaja Juni, ikaja Septemba. Mto umelala, watu wanavuka kwa miguu, boti imegeuzwa kifudifudi mchangani kuku wanatagia chini yake. Mwezi ule wa tisa Remi alipita mbele ya nyumba na pikipiki yake. Akasimama. Akaikuta injini imetolewa uani pamoja na dumu lake, Gaudensi anaifuta. Akaizunguka bila kuigusa. Akainama kwenye dumu, akavuta pumzi puani.

"Mzee Gaude, tangu Aprili hujaiwasha?"

"Hakuna mgonjwa."

"Iwashe hata kidogo. Dakika tano kila Jumamosi. Na haya mafuta yatoe, nipe mimi au mpe mtu yeyote mwenye pikipiki, muweke mengine."

Gaudensi akaacha kufuta. Akamtazama kijana yule kutoka kwenye kandambili mpaka usoni. "Umekosa pa kuiba sasa unakuja kunifundisha na mimi."

Remi akarudi kwenye pikipiki. Alipoiwasha ndipo akasema, na alisema kwa sauti ya chini kwa hiyo siyo kwamba alitaka kushinda: "Mzee, petroli siyo maji ya baraka. Haikai."

Gaudensi alilisimulia neno lile kwenye kamati kama mfano wa watu waliopotea. Walicheka wakafuta machozi.

Sasa Gaudensi alikuwa na binti mmoja tu. Benigna. Ameolewa kijiji hicho hicho, mumewe amekwenda kukata miwa mbali, na mwaka ule alikuwa na mimba yake ya kwanza. Kule kwao mimba ya kwanza mtu anajifungulia kwa mama yake, basi Februari iliyofuata akarudi na begi lake, akalala chumba kinachofuata, ukuta mmoja na injini. Kliniki walikuwa wamemwambia: mto ukianza kujaa wewe vuka, kaa karibu na hospitali, usingoje uchungu.

Mto ukaanza kujaa. Benigna akamfuata baba yake uani.

"Baba, nivushe mapema."

Gaudensi akamsogezea kigoda akae. Alikuwa anampenda yule mtoto, msimwone hivi. Lakini alikuwa na kiapo. "Mimba siyo ugonjwa, mwanangu. Nikikuvusha wewe mzima na mafuta ya wagonjwa, kesho watasema Gaudensi naye kaanza. Leo binti yake, kesho bia. Wewe tulia. Injini hii hapa, dumu hili hapa limejaa. Siku ikifika, ni kuvuta kamba tu."

Benigna akaangalia fundo jekundu. Likamtuliza. Alikuwa mtoto wa nyumba ile, alikuwa amekua akiamini kilichofungwa vizuri ni salama.

Siku ikafika. Ilikuwa Alhamisi, asubuhi yenye jua baada ya mvua ya siku nne. Mkunga, mama Oresta, aliingia ndani na kutoka, akaingia na kutoka, mara ya tatu akatoka akijifuta mikono na hakumwangalia mtu. "Mtoto kalala mlalo. Huyu siyo wa kwangu. Huyu ni wa ng'ambo, na ni sasa hivi."

Wanaume wanne wakabeba injini. Wawili wakabeba kitanda cha kamba na Benigna juu yake. Wakaifunga injini nyuma ya boti, wakamlaza Benigna mbele, kichwa chake mapajani kwa mama yake. Gaudensi akaja na dumu amelikumbatia kifuani. Akaweka mkono kwenye fundo, akasimama. Akageuka huku na huku.

"Mwenyekiti yuko wapi?"

Wallahi aliuliza. Mwanawe analia, yeye anamtafuta mwenyekiti aje afungue fundo. Fausta akamlaza binti, akamnyang'anya lile dumu, akakamata fundo kwa meno akalivuta kama mbwa mpaka kitambaa kikakatika.

Harufu iliyotoka haikuwa ya petroli. Ilikuwa kama ya rangi ya mlango iliyosahaulika kwenye kopo. Na mafuta yenyewe yalikuwa mekundu mekundu, kama chai iliyochacha. Wakayamimina kwenye tenki. Walifanyaje?

Gaudensi akavuta kamba.

Injini ilikuwa inang'aa mno. Jua lilikuwa linapiga juu yake mpaka unafumba macho. Akavuta tena. Akavuta ya kumi. Ikawa inageuka tu ndani, pwa, pwa, kama mtu anayetafuna bila meno. Kijana mmoja akapokea, mwingine akapokea kwake. Wakafungua plagi, wakaifuta, wakairudisha. Wakavuta ya hamsini. Viganja vya Gaudensi vilichanika, kamba ikawa nyekundu kama kile kitambaa, na bado anawasukuma wenzake anasema lete, lete, ni mimi ninayeijua. Wapo waliosema tupige kasia. Wazee wakauangalia mto, mti mmoja mzima ulikuwa unapita pale katikati unabingirika, wakatikisa vichwa. Wakapiga simu ng'ambo. Boti ya huko ilikuwa imepeleka mzigo mbali, chini ya mto, ingerudi jioni.

Benigna alikuwa haiti tena mama. Alikuwa anauliza tu, "Imewaka?" Baada ya muda kidogo tena, "Imewaka?"

"Bado kidogo, mwanangu," Fausta anamwambia. "Bado kidogo."

Aliyekwenda kumwita Remi hajulikani mpaka leo, kila mtu anasema siyo yeye. Remi alikuja na pikipiki kwenye tope mpaka ikamshinda, akaiacha imelala, akakimbia na bisibisi mdomoni. Hakumsalimia mtu. Hakusema niliwaambia. Alifungua kabureta, akaigeuza kiganjani, na wote waliokuwa karibu waliona: ndani kumeganda kitu cha kahawia, kinanata kama ulimbo wa kunasia ndege. Yale mafuta ya Aprili. Yale aliyoomba dakika mbili ayamalizie. Vile vitundu vidogo vinavyopitisha petroli, vimezibwa vyote.

Akachomoa kijiti kwenye ufagio wa mtu, akaanza kuzibua, kitundu kimoja kimoja. Kazi hiyo huwezi kuikimbiza. Ukiisukuma kijiti kinakatikia ndani, umekwisha. Akamwaga mafuta yote ya tenki mtoni. Akatuma mtu akaisimamishe ile pikipiki yake, achomoe mpira wa mafuta, amkingie petroli kwenye chupa ya maji ya kunywa. Lita moja na kidogo. Akaongeza oili. Jasho lilikuwa linadondoka kwenye pua yake tone tone. Gaudensi alipiga magoti kwenye tope pembeni yake, ameshika vile viskrubu vidogo kwenye kiganja chake chenye damu, anampa kimoja kimoja kama mtumishi wa altareni. Hawakuwa wamesemeshana tangu Septemba.

Ilikuwa saa nane na nusu mchana. Remi akasimama, akavuta kamba.

Iliwaka. Mvuto mmoja tu.

Ikanguruma kwa nguvu, moshi ukajaa, vijana wakaruka juu wakashangilia, mtu akapiga mluzi. Gaudensi akainua mikono yake miwili mbinguni. Na kwa sababu ya kelele ile ya injini hakuna aliyesikia kitu kingine. Ni Remi aliyegeuka mbele kuangalia kama wamekaa sawa, ndipo akamwona Fausta. Mdomo wa Fausta ulikuwa wazi kabisa, shingo imetoka mishipa, na sauti yake haisikiki. Mikono yake ilikuwa inafumba macho ya mtu.

Shangwe ikazimika mmoja mmoja. Injini ikabaki inalia yenyewe.

Gaudensi akasema, "Vuka."

Remi akaiweka bisibisi mfukoni.

"Nimesema vuka! Imewaka, si umeona imewaka? Vuka basi!"

Remi akainama taratibu. Akafunga koki ya mafuta. Akakaa pembeni ya injini kama alivyokuwa anakaa siku zote, akaiacha iungurume mpaka ikafyonza tone la mwisho, ikakohoa, ikajizimia yenyewe. Ndipo kijiji kikamsikia Fausta.

Wakawazika wawili kwenye kaburi moja, mama na ambaye hakupewa jina.

Baada ya arobaini kikao kikakaa. Mtu mmoja akasema injini arudishiwe Remi. Mzee Kasiani alilinyanyua tu gongo lake juu, likaonekana na watu wote, akalishusha. Yule aliyesema akakaa. Remi mwenyewe alikuwa amesimama nyuma kabisa, akasema haitaki, haiwezi, kisha akaondoka kabla ya sala ya kufunga. Wakabishana mpaka jua likaegemea. Mwishoni mwenyekiti akasimama akasema jambo ambalo kila mtu aliliona la busara. Akasema kilichokuwa kibaya ni mafuta. Basi yanunuliwe mafuta mapya, dumu jipya, na injini iwekwe ofisini kwake, pana kivuli na pana kufuli.

Ikafanyika hivyo. Injini ikafutwa ile damu ya kwenye kamba. Dumu likajazwa. Kitambaa kikachanwa kingine, fundo juu ya fundo.

Jumapili ya kwanza ya mwezi, watu walipotoka kanisani, kamati ikaenda ofisini. Gaudensi alikuwa kwenye mlango, amesimama peke yake, amekonda mpaka koti limekuwa la mtu mwingine. Wakampisha kwa heshima. Wakaangalia fundo. Halijaguswa. Wakalinyanyua dumu, wakalitikisa, likajibu kwa uzito.

Gaudensi akasema, "Vuteni kamba."

Wakageuka wakamwangalia. Kwa huruma kabisa, siyo kwa ubaya. Mwenyekiti akamshika bega. "Mzee Gaude, pole. Tulia. Mafuta ni mapya haya."

"Vuteni kamba," akasema tena.

Kimya kidogo. Nje mto unapita. Halafu mtu mmoja nyuma, nadhani alitaka tu kimya kile kiishe, akaanza kupiga makofi. Mwingine akamfuata. Wakapiga wote. Mzee Kasiani akagonga gongo lake chini, mara tatu.

Sasa nyie wakubwa mliokaa hapa, kila mtu ana dumu lake alilolifunga fundo akalisimamisha kwenye kona, anasema ni kwa ajili ya siku kubwa: mara ya mwisho ulivuta kamba lini?